Kanisa la Kisarawe na Ndugu Yake wa Pugu

Wasikilizaji na wasomaji wetu, mtu atokaye Dar es Salaam akaifuata njia ya kwenda Pugu, akaupita uwanja wa ndege, kisha Ukonga na Gongo la Mboto, hufika mahali ambapo nchi tambarare ya pwani huanza kuinuka. Vilima si virefu, walakini hewa yake ni baridi kidogo kuliko ya mjini, na msitu uliobaki huko hushika umande hata jua lipande. Huko ndiko Pugu. Na ukizidi kwenda mbele kidogo, yapata kilomita 30 kutoka bandarini, wafika katika mji mdogo wa Kisarawe. Wengi wapitao njia hiyo hawajui ya kuwa katika vilima hivyo viwili ilianza habari kubwa ya Wakristo wa Uzaramo, nayo ni habari yenye moto, damu, subira na kazi nyingi ya mikono.

Watu wengi hudhani ya kuwa historia ya kanisa ni historia ya jengo: nani aliweka jiwe la kwanza, kengele ilitoka wapi, Mzungu gani alisimamia mafundi. Mambo hayo yafaa kujulikana, lakini siyo kiini. Kiini cha habari ya Kisarawe na Pugu ni swali moja ambalo wenyeji waliliuliza tangu siku ya kwanza, nalo ni hili: Kanisa hili ni la nani? Je, ni la wageni walioleta, au ni letu sisi? Swali hilo halikujibiwa kwa mahubiri. Lilijibiwa kwa matukio, na majibu yalichukua zaidi ya miaka hamsini.

NCHI NA WENYEWE

Kwanza yatupasa kuijua nchi. Uzaramo ni nchi iliyo nyuma ya Dar es Salaam, kuanzia pwani mpaka karibu na mto Ruvu na kwenda kusini. Wazaramo ni wakulima wa mihogo, mpunga wa mabondeni, na minazi, na baadaye mikorosho pia. Mtoto wa Kizaramo huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, na kwa hiyo mjomba ni mtu mkubwa sana katika maisha yake. Wakubwa wao wa zamani walichukua jina la heshima la Pazi. Pwani yenyewe, katika kijiji cha Mzizima, walikaa Washomvi pamoja na Wazaramo, wakivua samaki na kufanya biashara.

Katika miaka ya 1860 Seyyid Majid, Sultani wa Unguja, aliipenda bandari ya Mzizima akaanza kujenga mji karibu yake, akauita Dar es Salaam. Alipokufa mwaka 1870 kazi ilisimama, na nyumba nyingi zikabaki magofu. Hata hivyo biashara ya bara haikukoma. Wazaramo walikuwa wakichimba sandarusi na kuiuza pwani, na katika kwenda na kurudi huko wengi waliupokea Uislamu, ambao ulikuwa umekaa pwani yetu kwa karne nyingi. Basi wamisionari walipofika hawakukuta nchi isiyo na dini. Walikuta mila ya wazee na mizimu yao, na tena walikuta Uislamu unaosonga mbele kwa amani, ukiletwa na ndugu, na wakwe, na rafiki wa biashara. Jambo hili ni la lazima kulikumbuka, kwa kuwa bila hilo hatutafahamu kwa nini kanisa la huko lilikua polepole.

WAGENI WAWILI

Mwaka 1886 liliundwa mjini Berlin shirika la misheni kwa ajili ya nchi ambazo Wajerumani walikuwa wakizitwaa Afrika ya Mashariki. Miongoni mwa walioliunda alikuwamo Carl Peters, yule yule aliyezunguka bara mwaka 1884 akitia watu sahihi katika mikataba. Kwa hiyo tangu kuzaliwa kwake shirika hili lilikuwa na nia mbili zilizochanganyika: kuhubiri Injili, na kuwatumikia Wajerumani waliokuwa wakija kutawala. Mjumbe wake wa kwanza Dar es Salaam alikuwa Johann Jakob Greiner, aliyefika mwaka 1887. Huyu hakuwa mgeni wa Afrika, maana alikwisha kufanya kazi ya Injili Uhabeshi kabla ya hapo. Alijenga karibu na mlango wa bandari, akaanza kufundisha.

Mwaka uliofuata, yaani 1888, walifika wageni wa pili. Hao walikuwa Wakatoliki, Wabenediktini wa shirika jipya la Sankt Ottilien huko Bavaria, lililoanzishwa na Padre Andreas Amrhein mwaka 1884. Kiongozi wao huku alikuwa Padre Bonifaz Fleschutz, pamoja na mabruda na masista. Hawakutaka kukaa mjini. Walipanda mpaka Pugu, wakafyeka msitu, wakajenga nyumba na kanisa dogo.

Katika misheni hizo mbili wanafunzi wa kwanza walikuwa hasa watumwa waliowekwa huru. Sultani Barghash alikuwa amekubali mwaka 1873 kukataza biashara ya watumwa baharini, lakini majahazi yaliendelea kuwapakia watu kwa siri. Manowari zilipoyakamata, watu waliookolewa, na wengi wao walikuwa watoto, walihitaji mahali pa kukaa, nao wakapelekwa kwa wamisionari. Hili lilikuwa tendo la huruma. Lakini lilikuwa na matokeo ambayo hayakufikiriwa, kama tutakavyoona.

JUMAPILI YA PUGU

Aprili 1888 Sultani Khalifa alitia sahihi mkataba wa kuipa Kampuni ya Wajerumani haki ya kutawala pwani na kutoza ushuru kwa jina lake. Mwezi wa Agosti mawakala wa Kampuni walianza kazi, nao walifanya kwa kiburi kikubwa. Huko Pangani bendera ya Kampuni ilitwekwa kwa nguvu, na msikiti ukaingiwa bila heshima. Watu wa pwani hawakuvumilia. Vita vikaanza, na mkubwa wao aliyejulikana zaidi alikuwa Bushiri bin Salim.

Januari 1889 vita vilifika Dar es Salaam. Nyumba ya misheni ya Greiner ilishambuliwa, na kazi yake ikaharibika. Siku ya Jumapili, tarehe 13 Januari, wapiganaji walipanda Pugu. Misheni ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Mabruda wawili, Petrus Michl na Benedikt Kantwerk, na Sista Martha Wansing, waliuawa. Wengine wanne walichukuliwa mateka, wakakombolewa baada ya majuma kadhaa. Majengo yalichomwa moto, na wale watu waliokuwa wamewekwa huru juzi wakatawanyika, wengine wakachukuliwa tena.

Sasa, msomaji mwenye akili atauliza: je, wapiganaji hawa waliwachukia wamonaki kwa sababu ya dini yao? Tutazame Bagamoyo. Huko Mapadre wa Roho Mtakatifu, ambao walikuwa Wafaransa, walikuwa wamekaa tangu mwaka 1868. Vita vilipowaka Bagamoyo na nyumba nyingi zikaungua, misheni yao haikuguswa, na maelfu ya watu walikimbilia ndani ya mipaka yake wakasalimika. Msalaba ulikuwa ule ule, na wapiganaji walikuwa wa vita vile vile. Lakini Bagamoyo ilinusurika, Pugu ikaungua. Tofauti ni hii: mapadre wa Bagamoyo walikuwa wamejulikana na majirani kwa miaka ishirini, wala hawakuwa wa taifa lililokuja kutawala, lakini wale wa Pugu walikuwa Wajerumani, na walifika wakati ule ule mawakala wa Kampuni walipofika. Mwenyeji aliyewaona aliona mkono mmoja wenye vidole viwili. Wafu wale watatu walilipa deni ambalo hawakulikopa wao.

KILELE CHA MATUMAINI

Serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann na askari wake, na vita vikavunjwa kwa nguvu. Bushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mwaka 1891 serikali ilichukua utawala kutoka kwa Kampuni, na Dar es Salaam ikawa makao makuu. Wabenediktini hawakurudi upesi kukaa katika majivu ya Pugu. Walifanya makao yao mjini, ambako walijenga kanisa kubwa la Mtakatifu Yosefu kati ya mwaka 1897 na 1902.

Greiner kwa upande wake alifanya kinyume. Yeye alitoka mjini akapanda vilimani. Mwaka 1892 alianzisha kituo Kisarawe, akakipa jina la Kijerumani, Hoffnungshöhe, maana yake Kilele cha Matumaini. Kuchagua kilima kulikuwa na sababu. Homa ya pwani ilikuwa ikiwaua wageni wengi, na hewa ya vilimani ilikuwa nafuu. Tena Kisarawe kulikuwa na ardhi ya kulima, na vijiji vya Wazaramo vilikuwa karibu kila upande.

Walakini waliokaa hapo kwanza walikuwa hasa wale waliowekwa huru kutoka utumwani. Nao walikuwa watu waliotoka mbali bara, kila mmoja na lugha yake. Hapa ndipo yalipoonekana yale matokeo niliyoyataja. Katika nchi ya Uzaramo mtu hujulikana kwa ukoo wa mama yake. Ana mjomba wa kumtetea, ana shangazi wa kumwoza, ana kaburi la babu la kutambikia. Mtoto aliyetolewa katika jahazi hana hata mmoja wa hao. Hana mlango wa kuingilia katika ukoo. Basi kijiji cha misheni kilionekana machoni pa majirani kuwa kijiji cha watu wasio na kwao, waliowekwa chini ya ulinzi wa Mzungu. Mzaramo aliyefikiri kubatizwa alijiuliza: Nikiingia huko, nitakuwa mtu wa nani?

Ilipofika mwaka 1895 wamisionari walianzisha kituo kingine kusini zaidi, Maneromango, katikati ya Wazaramo wenyewe. Mwaka 1903 vituo vyote vya Uzaramo, yaani Dar es Salaam, Kisarawe na Maneromango, vilitolewa na shirika lile la kwanza vikapewa shirika la zamani na kubwa zaidi la Berlin, lililokuwa na uzoefu wa Afrika ya Kusini na ya Unyakyusa. Chini ya shirika hili shule za vijiji ziliongezwa, na mwaka 1910 lilianza kuchapwa Dar es Salaam gazeti la Kiswahili, Pwani na Bara, ambalo walimu na wanafunzi wa misheni walilisoma. Mkubwa wa misheni hiyo, Martin Klamroth, alijishughulisha sana kuuchunguza Uislamu wa pwani na dini ya asili ya Wazaramo. Kuchunguza huku ni alama: wamisionari walikwisha kuona ya kuwa nchi hii haitageuka upesi kama walivyotazamia walipokuwa kwao.

Kwa ufupi, mambo matatu yalilizuia kanisa la Kisarawe kukua haraka. La kwanza, Uislamu ulikuwa umetangulia, nao uliingia kwa njia ya ujamaa. La pili, kanisa lilifika pamoja na serikali ya kigeni, na watu hawakuweza kulitenga na kodi na kiboko. La tatu, jamaa za kwanza za Kikristo zilikuwa za watu wasio na ukoo katika nchi ile.

MAJI MAJI

Mwaka 1902 serikali ilianza kuwalazimisha watu wa wilaya ya Dar es Salaam na za kusini kulima mashamba ya pamba chini ya majumbe, kwa malipo duni kabisa. Julai 1905 watu wa Matumbi waling'oa pamba, na vita vya Maji Maji vikaenea. Katika Uzaramo waliingia watu wa upande wa Maneromango na Kisangire, na miongoni mwao Jumbe Kibasila, ambaye hatimaye Wajerumani walimnyonga. Jina lake halikufutika. Leo limo katika shule ya sekondari ya Kibasila, Temeke.

Agosti mwaka ule ule Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini aliyekuwa mkubwa wa Wakatoliki wa Dar es Salaam, aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili alipokuwa safarini upande wa Liwale. Kwa mara ya pili watu wa misheni walikufa kwa sababu ya hasira iliyowashwa na mambo ya serikali. Vita vilipokwisha, njaa ilifuata, na watu wengi zaidi walikufa kwa njaa hiyo kuliko kwa risasi.

Wakristo wa vilima vya Uzaramo walijikuta kati ya mawe mawili ya kusagia. Mbele ya ndugu zao walihesabiwa kuwa watu wa Wajerumani. Mbele ya Wajerumani walibaki kuwa raia weusi wa kuamriwa. Hapo lile swali letu, Kanisa ni la nani, lilikuwa bado halina jibu.

WACHUNGAJI WALIPOONDOLEWA

Jibu lilianza kuja kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Mwaka 1914 vita kuu vya Ulaya viliingia Afrika ya Mashariki, na Septemba 1916 Waingereza waliitwaa Dar es Salaam. Wamisionari wa Kijerumani, Walutheri na Wabenediktini pia, walifungwa, kisha wakarudishwa kwao. Nyumba zao zikabaki tupu. Watu waliosema ya kuwa dini hii ni ya Wajerumani sasa walikuwa na njia ya kulipima neno lao, maana Wajerumani walikuwa wamekwenda.

Fikirini kidogo, wasikilizaji, hali ya usharika uliopotewa na mchungaji. Wako watoto wa kufundishwa kusoma. Wako wagonjwa wa kutazamwa na wafu wa kuzikwa. Wako watu wawili waliogombana ambao zamani shauri lao lingepelekwa misheni. Tena hakuna mshahara kutoka Ulaya, na ubatizo na Meza ya Bwana kwa desturi vilikuwa mikononi mwa mchungaji aliyewekewa mikono, na huyo hayupo. Katika hali hiyo kanisa lililo mali ya mgeni hufungwa mlango, na kanisa lililo na wenyewe huamka asubuhi likaendelea.

Kanisa la Uzaramo liliamka. Mjini Dar es Salaam aliyeshika uongozi wa Walutheri alikuwa mwalimu Martin Nganisya. Huyu asili yake ilikuwa upande wa ziwa Nyasa, naye alikuwa mmoja wa wale waliopata kuwa watumwa kabla ya kulelewa na misheni. Yule aliyehesabiwa kuwa hana kwao ndiye aliyewashika wenziwe wasitawanyike. Pamoja naye yafaa kukumbuka jina la Andrea Ndekeja, kwa maana watu hawa wawili tutakutana nao tena.

Kwa upande wa Wakatoliki kazi ilibaki juu ya makatekista, hata mwaka 1921 Wakapuchini kutoka Uswisi walipokuja kuchukua mahali pa Wabenediktini katika sehemu za Dar es Salaam. Padre mgeni alipofika kijijini mara nyingi alikuta wanafunzi wa ubatizo wakimngoja, wamekwisha kufundishwa sala na amri na mtu wa kijiji kile kile.

Mwaka 1940, wakati wa vita vya pili, jambo hilo hilo lilirudi. Wamisionari wa Kijerumani waliokuwa wamerejea waliondolewa tena, na Walutheri wa Marekani na wa nchi nyingine wakaja kusaidia misheni zilizoitwa yatima. Lakini safari hii yatima huyu alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima. Alijua njia ya kisimani.

MATUNDA

Je, kanisa dogo la namna hii lilizaa nini? Nitataja matunda matatu tu.

Tunda la kwanza ni kitabu. Mmisionari Karl Roehl, aliyekuwa amefanya kazi Usambara, aliifasiri Biblia kwa Kiswahili, akijaribu kutumia maneno ya Kibantu zaidi kuliko yenye asili ya Kiarabu, ili msomaji wa bara apate kufahamu. Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Waliomsaidia katika kazi hiyo walikuwa Martin Nganisya na Andrea Ndekeja. Basi watu maelfu waliosoma Biblia hiyo walisoma maneno yaliyopimwa na masikio ya watu wa kanisa hili. Baadaye, mwaka 1952, ilitoka Biblia ya Muungano, ikaenea zaidi. Lakini kazi ya kwanza haipotei kwa sababu ya pili kuja.

Tunda la pili ni shule. Pugu, pale palipochomwa moto, Wakatoliki walirudi, na hapo palisimama shule ya wavulana ya Mtakatifu Fransisko, iliyojulikana nchi nzima. Mwalimu Julius Nyerere alifundisha hapo aliporudi kutoka Edinburgh. Alikuwa mwalimu wa Pugu TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, na mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu ili kushika kazi ya siasa. Hivyo kilima kilichoungua kwa sababu wageni walikuja kutawala ndicho kilichomlea kazini mtu aliyeongoza watu kujitawala. Leo Pugu ni mahali pa hija, na Wakatoliki wa Dar es Salaam hupanda huko kusali.

Tunda la tatu ni umoja. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa kanisa moja, ambalo leo laitwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Walutheri wa Kisarawe na Maneromango leo ni wa Dayosisi ya Mashariki na Pwani, ambayo kanisa lake kuu ni lile la Azania Front, mbele ya bandari, lililojengwa wakati wa Wajerumani. Kanisa lile lile. Lakini anayepanda mimbarani si mgeni, wala hakuna anayeuliza tena kama ana ruhusa.

WALIOFUATA

Si haki kumaliza pasipo kuwataja waliokuja baadaye. Mwaka 1956 wamisionari wa Kibatisti kutoka kusini ya Marekani walianza kazi Tanganyika, na Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa vituo vyao vya kwanza. Wakati huo mji ulikuwa ukipanuka kwa nguvu, na sehemu kama Magomeni, Kinondoni na Temeke zilikuwa zikijaa watu wa kila kabila waliokuja kutafuta kazi. Wabatisti hubatiza mtu mwenye umri wa kukiri imani yake mwenyewe, nao humzamisha majini. Tena kwa desturi yao kila kanisa la mahali hujiongoza. Walianza katika hali tofauti na ile ya Greiner. Serikali ya kigeni ilikuwa inakaribia kuondoka, na mjini mgeni hakuwa kitu cha ajabu, maana kila jirani alikuwa mgeni. Lakini swali lililowangoja lilikuwa lile lile la vilimani: mmisionari akirudi kwao, kesho nani atafungua mlango? Kila kanisa changa la viungani, liwe la dhehebu lo lote, hupimwa kwa swali hilo.

MAFUNZO KWETU

Yako mafunzo ya kukumbuka katika habari hii. Fundisho la kwanza ni la wale wanaotaka kuanzisha jambo jema mahali pa wengine, likiwa kanisa, shule, au chama cha ushirika. Mtu huhukumiwa kwa jahazi alilopanda. Wamonaki wa Pugu walikuwa na nia njema, lakini walishuka pwani pamoja na watu wenye nia nyingine, na mwenyeji hakuwa na darubini ya kutazama mioyo.

Fundisho la pili ni la majirani. Katika Uzaramo Waislamu ndio wengi, na Wakristo ni wachache, nao wamekaa pamoja kwa zaidi ya miaka mia na thelathini. Huzikana na kuozana. Katika ukoo mmoja waweza kumkuta Hamisi na Yohana, watoto wa mama mmoja na mama mdogo wake. Moto wa mwaka 1889 haukuwashwa na majirani waliochukiana kwa dini; uliwashwa na dhuluma ya kutwaa nchi ya watu. Anayeisimulia habari ya Pugu kana kwamba ilikuwa vita vya msalaba na mwezi hajaisoma vizuri, naye aweza kuleta madhara.

Fundisho la tatu ni la kanisa lenyewe, nalo ndilo kubwa. Jiwe la msingi huwekwa mara moja, na mara nyingi jina la aliyeliweka huandikwa ukutani. Lakini kazi inayolifanya kanisa liwe kanisa haina ukuta wa kuandikwa: ni ile ya mama anayefagia Jumamosi, mwalimu anayefundisha bila mshahara miezi saba, mzee anayekwenda kwa miguu kumsalia mgonjwa kijiji cha pili. Hao ndio waliojibu swali la Kisarawe.

Kwa hiyo nawasihi ninyi wanafunzi, hasa mnaokaa Kisarawe, Pugu, Chanika, Mbagala na sehemu zote za viungani: chukueni daftari, mwende kwa wazee wa usharika au parokia yenu. Waulizeni mambo manne. Nani alikuwa mtu wa kwanza wa kijiji hiki kubatizwa, na ndugu zake walisemaje? Nani alifundisha kabla mchungaji au padre hajafika? Jengo la kwanza lilikuwa la nini, miti na udongo au mawe, na nani aliyabeba? Na wakati wa shida, nani aliyekuwa na ufunguo wa mlango? Andikeni majina yote, na mwaka, na ukoo wa kila mmoja, kisha msomeeni mzee maneno yake mwenyewe ili asahihishe. Nakala moja iwekwe shuleni na moja kanisani. Makaburi ya kale nayo yasomwe sasa, maana mvua na mizizi havingoji.

Wajerumani waliziandika habari za Greiner na za wafu wa Pugu, na kwa sababu waliziandika twazijua. Habari za waliobaki, wakafungua mlango asubuhi baada ya wageni kuondoka, zimo vichwani mwa wazee wachache. Kazi ya kuziandika ni yetu, wala hakuna meli itakayotuletea mtu wa kutufanyia.